Sori ya Shija

Dada Koku,

Kuanzia leo mtu akikuuliza ni nani anayekijua Kiingereza kuliko hao waliokileta, usihangaike kumtafuta profesa. Taja jina langu. Mwanza nzima, kuanzia Buhongwa mpaka pale feri ya Nansio inapotia nanga, hakuna aliyelichambua neno la Kiingereza kama nilivyolichambua mimi. Ni neno moja tu, lakini nimelichuna ngozi, nimelitoa utumbo, nimelibanika pande zote mbili. Wazungu wakinisikia nalitamka wanageuka kuangalia kama nyuma yangu kuna mwenzao.

Haya, shikamoo. Najua umeshasonya, unasema mtoto huyu anajisifu kabla hajasalimia. Nasalimia sasa. Mgongo wa mama unaendeleaje? Baba bado anabishana na redio? Mvua imewafikia huko Muleba au migomba imesimama tu inawatazama? Mimi ni mzima, nimenenepa mpaka shingo. Kwa samaki hawa sato ninaowala hapa, ukiniona utadhani nimeoa.

Nimeandika barua badala ya kupiga simu kwa sababu simu ya mama mnaiweka spika, na nikisema jambo linakuwa limeshafika kanisani kabla sijakata. Hii nampa dereva wa fuso la ndizi. Akishashusha mzigo hapa anarudi huko na gari tupu, atakupa mkononi. Isome kwanza peke yako. Halafu wasomee wengine zile sehemu ninazoonekana vizuri.

Habari yenyewe ni ya Shija. Ndiyo, Shija huyo huyo, Msukuma wa Kisesa aliyenikuta stendi siku nafika, nimekalia begi langu kama kuku anayeatamia. Akaniuliza, "Wewe mgeni wa nani?" Nikamjibu, "Wa Mungu." Akacheka, akalibeba begi mpaka chumbani kwake Buhongwa, na tangu hapo tukawa tunalala chumba kimoja na kula sahani moja. Ndiye aliyeniingiza kazini kwa Mama Hepi. Wewe mwenyewe humtumia salamu, unamwita mdogo wako wa Kisesa. Basi salamu hizo zirudishe. Huyo mdogo wako amenifanyia jambo, na mimi nimemlipa, na nimemlipa vizuri.

Hoteli ya Mama Hepi ni banda kubwa la mabati kando ya ziwa. Mteja anachagua samaki wake kwenye beseni, mimi mhudumu nampeleka jikoni, na nyuma ya jiko Shija ndiye anayeparua magamba. Wazungu wanaokwenda mbugani huwa wanasimama kula. Sasa kwa kuwa mimi ni Mhaya, Mama Hepi alikuwa ameshaamua tangu siku ya kwanza kwamba Kiingereza nimezaliwa nacho. "Nyie Wahaya," anasema, "hata kukohoa mnakohoa Kiingereza." Mimi ningebishaje na bosi? Sikumdanganya mtu. Nilinyamaza tu, ila nilinyamaza kisomi.

Siku moja wafanyakazi tunakula, wateja wamepungua, Mama Hepi akatangaza kwamba anataka mtu wa kukaa mbele. Apokee wageni, avae shati jeupe, asiguse ndoo. "Deo atatufaa," akasema. "Huyu kasoma."

Dada, lile shati nilishaanza kuliona. Nilishakunja hata mikono yake.

Shija, tonge likiwa mdomoni, akacheka. "Kasoma wapi, mama? Huyu kidato cha pili alikichungulia dirishani, akarudi kulinda migomba!"

Walicheka wote. Pendo, binti wa chapati, ambaye nilikuwa nimeshamwambia kwamba nasubiri tu nafasi ya chuo, alicheka mpaka akashikilia meza. Mama Hepi hakucheka. Alisema, "Kumbe?" na hiyo kumbe yake ilikuwa mbaya kuliko kicheko chao. Shati jeupe akapewa Pendo.

Na jambo hilo la shule nilimwambia Shija peke yake. Ilikuwa Jumapili tunafua nguo, nikamsimulia nilivyoacha shule na baba alivyokaa nje siku ile mpaka chakula chake kikapoa. Sijawahi kumwambia mtu mwingine hapa mjini. Nilimwambia kwa sababu alikuwa Shija.

Alipoona nimeacha kula, unajua alisemaje? "Soli, kaka." Soli! Kama ya kiatu. Hata tonge hajameza. Halafu akanyoosha mkono akachukua mkia wa samaki uliokuwa upande wangu.

Hapo ndipo nilipoapa. Shija ataniomba msamaha wa kweli, kwa maneno ya mtu mzima, mbele ya watu walewale waliocheka. Mpaka siku hiyo sili naye wala sicheki naye. Na hiyo sori yake nitaichunguza nijue amenipa sori ya aina gani.

Maana neno hili halina kazi moja, dada. Nimelifuatilia hapa hotelini kama polisi. Mama mmoja wa Kizungu aligonga goti kwenye meza, akainama, akaiambia meza, "Sori." Meza! Mbao za Mama Hepi zimeombwa radhi, mimi binadamu mwenye kitambulisho bado nasubiri. Mzee mwingine, mwenye kofia ya kamba, nilimwambia samaki wakubwa wameisha. Akainua nyusi, "Sori?" Nikamwambia asijali. Akainua tena, "Sori?" Nikamwambia nimeshamsamehe, yaishe. Kumbe hakunisikia, alikuwa ananiambia nirudie. Hiyo ukimsimulia mama sema ilimtokea kijana mwingine.

Halafu kuna yetu sisi. Mzungu aliteleza kwenye maji ya samaki, tukasema wote kwa pamoja, sori, sori! Akasimama akatukagua mmoja mmoja, akauliza ni nani kati yetu aliyemsukuma. Ikabidi nimweleze kwamba sisi sori yetu ni pole, mtu akijikwaa ng'ambo ile ya ziwa, sisi huku tunamwambia sori. Alipenda sana. Siku nzima alikuwa anawaambia watu sori, hata mbuzi aliyefungwa.

Kuna ya mpishi, anakuja na karai la mafuta yanayochemka, "Sori sori sori!" Hiyo maana yake pisha au uungue. Kuna ya Mama Hepi ukiomba ruhusa ya Jumapili, "Sori, mwanangu," hiyo ni mlango na komeo lake. Kuna ya Pendo, siku nilipomwomba tukanywe soda, "Sori, wewe ni nani vile?" Hiyo naipita haraka. Na mwalimu mmoja mstaafu, anayekuja kula vichwa vya sangara, akaniambia kuna nyingine ya kuwekwa mbele ya kitu kilichochoka, kitu cha kutia huruma. Nikamwomba mfano. Akaviangalia viatu vyangu.

Nikazichukua zote hizo nikaipima ya Shija. Haikuwa ya meza, maana meza iliinamiwa. Haikuwa ya pole, maana hakunionea huruma. Ilikuwa ile ya karai. Pisha hapo, nataka mkia wa samaki. Ndicho kilichonichoma, dada. Angenitukana ningelala usingizi.

Basi nikaanza kumlipa, na nikamlipa kwa neno lile lile.

Kwanza nilitenga sufuria. Jioni hiyo nikapika ndizi zangu na maharage, nikapakua sahani moja, kijiko kimoja, nikampa mgongo. Akauliza, "Leo hatuli pamoja?"

Nikainua nyusi kama mzee wa kofia. "Sori?"

"Nasema hatuli pamoja?"

"Sori?"

Akasonga ugali wake, akala na dagaa huku anatazama ukuta. Unajua Msukuma hawezi kula peke yake, anaona kama yuko msibani. Mimi nilikula polepole ili aone.

Asubuhi anataka kuoga. "Deo, umeiona ndoo?" Sori? "Ndoo." Sori? Mpaka akaenda kuazima kwa jirani akiwa amejifunga taulo. Ndoo nilikuwa nimeikalia. Kazini akiwa amebeba beseni nampitia na sinia, "Sori sori sori!" mpaka anajibanza ukutani kama mjusi. Akichomwa na mwiba wa samaki, ile sori yetu ya pole siitoi, naitazama tu damu na kuuliza kama samaki wa meza ya pili yuko tayari. Nilikuwa naamka na furaha kama mtu mwenye harusi yake.

Alisema mara moja tu, "Deo, mimi si nilishasema?"

Nikamwambia, "Ulimwambia samaki."

Akarudi kwenye beseni lake. Na mimi nikaona nyusi na ndoo hazitoshi, natakiwa kumvua nguo kama alivyonivua. Mungu akanisaidia, au sijui ni nani aliyenisaidia, mama yake akaja.

Mama Shija anakaa Kisesa, analima mpunga na viazi. Mwanawe alimwambia kwamba hapa yeye ni meneja wa samaki. Nalijua hilo kwa sababu simu akipiga mama huyo nilikuwa napewa nami nisalimie, na nilikuwa nasema, "Ndiyo mama, bosi wetu huyu, anatukalia kooni." Tulikuwa tunacheka sana baada ya kukata. Basi siku hiyo naona mama amesimama pale mbele, kitenge kipya, kichwani kibakuli cha michembe kimefungwa kwenye kanga. Ile michembe yao, viazi vilivyokatwa vikakaushwa juani. Anatazama banda zima kwa heshima kama yuko kwa mkuu wa wilaya.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe si ndiye Deo? Sauti yako naijua." Akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Meneja yuko ofisini?"

Dada, ningeweza kusema ametumwa mjini. Ningeweza kukimbia nyuma nikamwambia avae shati. Nilisema, "Yuko, mama. Twende nikupeleke."

Nikampitisha jikoni, nikampitisha penye makaa, Mama Hepi na Pendo wanatutazama, mpaka nyuma kabisa. Shija alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, amejifunga kiroba kiunoni, matumbo ya samaki miguuni, magamba mpaka kwenye nyusi. Inzi walikuwa wengi siku hiyo.

"Shija?" mama akaita.

"Naam, mama."

"Ofisi ndiyo hii?"

Aliangalia kisu. Ndipo nikaitoa niliyokuwa nimeiandaa, kwa sauti ile ile aliyoniambia yeye kabla hajachukua mkia wangu wa samaki. Nikasema, "Sori, mama."

Mama akanigeukia. "Sori ya nini, mwanangu? Kwani wewe umekosa nini?" Akanipa kibakuli cha michembe nishike. Akakunja kitenge chake, akavuta ndoo nyingine, akakaa karibu na mwanawe. "Nipe kisu. Samaki wote hawa utawamaliza lini peke yako?"

Wakaparua pamoja. Wakaanza kuzungumza Kisukuma, kidogo kidogo, halafu nikasikia mama anacheka, na Shija akajifuta macho kwa bega. Mimi nimesimama na michembe kama mhudumu aliyesahau meza. Alipoaga aliniambia, "Hiyo mtakula wote wawili. Huyu mwenzako nimemzaa mimi lakini kupika hajui." Kumbe mwanawe hakumwambia chochote. Hakumwambia hata kwamba tumetenga sufuria.

Lakini usidhani nilijuta. Nilikuwa nimemlipa. Kavuliwa nguo kama nilivyovuliwa, na Pendo aliona, na Mama Hepi aliona. Nikajiambia, sasa tumebaki na jambo moja, aombe.

Na ameomba. Hapa ndipo uwasomee kwa sauti.

Ijumaa tunakula chakula cha mchana, watu walewale, meza ile ile. Shija akatoka nyuma, amenawa kwa sabuni, amevaa shati lake la kanisani. Akaja mpaka nilipokaa, akachuchumaa mbele yangu, akafungua kifurushi cha jani la mgomba. Ndani kahawa za kutafuna, kama zile tunazompa mgeni nyumbani kabla hajasema lililomleta. Alikuwa amekwenda sokoni kwa Mama Justa, yule Mhaya mwenzetu anayepokea ndizi za fuso hili hili, akamuuliza Wahaya wakikosana wanapatanaje. Mama Justa akamwambia, Mhaya usimpigie maneno, mpe kahawa mikononi, kisha mtazame mdomo. Akitafuna, yameisha.

"Deo," akasema, na watu wote wakaacha kula. "Ulichoniambia tunafua nguo hakikuwa changu kukitoa. Nilikuvua nguo mbele za watu. Nakuvisha mbele za watu walewale. Pokea."

Maneno ya mtu mzima, dada. Yale yale niliyoyaapia. Mikono yake ilikuwa imejaa mikwaruzo ya mapezi. Nikazipokea kahawa kwa mikono miwili, kila mtu akiona. Kwa hiyo mimi mdogo wako nimeshinda. Aliyenicheka kachuchumaa, na hotelini hakuna tena anayefungua mdomo kuhusu kidato cha pili.

Msalimie mama, mwambie aache kuinama shambani, hao vijana wa jirani wanaokula ndizi zake wakampalilie. Msalimie baba, mwambie redio haimsikii. Shangazi wa Kamachumu mwambie senene wa msimu huu asiwamalize, anikaushie kopo moja hata la majani ya chai. Mjomba katekista mwambie nasali, akibisha mwambie ninasali kimoyomoyo. Bibi mwambie sijaoa, asiulize tena. Shemeji msalimie, na watoto wako wote wawili, yule mdogo umfinye kidogo kwa niaba yangu.

Sasa ukifika hapa kunja karatasi, waambie imeisha. Haya yaliyobaki ni yako.

Kahawa sikuzitafuna.

Nilikuwa nazo viganjani, Shija amechuchumaa ananitazama mdomo kama alivyoelekezwa. Nikainua nyusi. Nikasema, "Sori?"

Watu walicheka. Hata yeye alicheka kidogo, nadhani aliona ndiyo namalizia utani. Akarudia yote kuanzia mwanzo, kwa sauti kubwa zaidi, nilikuvua nguo, nakuvisha. Nikasema tena, "Sori?" Hakuna aliyecheka. Mama Hepi akasema taratibu, "Deo, mwanangu, tafuna." Nikazitia kahawa kwenye mfuko wa shati. Nilitaka arudie mara moja tu ya mwisho, dada, nakuapia, nilikuwa nimepanga hiyo ikipita natafuna.

Shija aliinuka. Akarudi nyuma akamaliza beseni lake lote, akanawa, akaondoka. Nilipofika chumbani godoro lake halikuwepo. Ndoo ameniachia. Sufuria ameniachia, tena ameiosha. Mpishi anasema amerudi Kisesa kwa mama yake. Nikimpigia hapokei, na michembe ipo kwenye kibakuli, naiona kila nikiamka na siwezi kuila.

Jana nilikwenda kwa Mama Justa nichukue kahawa nimpelekee. Hakunipa. Alikuwa ameshasikia. Akaniambia, "Kahawa ni za kwetu. Yule ni Msukuma. Kwao mtu aliyekosa anapeleka nini?"

Nilisimama pale, watu wananipita na mikungu yao. Shija alikwenda kuuliza ya kwetu. Mimi nimelala naye chumba kimoja, nimekula ugali wake, hata anavyokoroma najua, na ya kwao sijawahi kumuuliza.

Mdogo wako,
Deo